Macho ya Kabugho

Mwanangu Kabugho,

Jana jioni nilikukuta unatoka kwenye pipa la maji kwenda jikoni huku umefumba macho. Mkono mmoja ulikuwa umeunyoosha mbele, mwingine umeshika ndoo, na miguu unaiburuta kama mtu anayetafuta sindano sakafuni kwa vidole. Nilidhani umeingiwa na moshi. Nikakuuliza una nini. Hukufumbua. Ulisema, "Ninazoea, Mama."

Nilikunyang'anya ndoo, maji yakatumwagikia wote wawili, nikaingia ndani. Ulidhani nimekasirikia maji. Hasira ile haijapungua hadi sasa, na kesho unaondoka, kwa hiyo nakuandikia ujue niliikasirikia nini.

Niko hapa kituoni. Nimemaliza kusoma habari za jioni, na studio wameichukua watu wa muziki. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu nikikasirika kwa Kikonzo chetu sauti hunikatika. Kwa Kiswahili huwa namaliza sentensi.

Sitaandika habari za sabuni, wala marafiki, wala wanaume. Hayo dada zako wamekwisha kukuambia, kila mmoja kwa namna yake, na sidhani uliwasikiliza. Nitaandika juu ya mishipa ya damu iliyo nyuma ya macho yako.

Siku ile ya Bwera ulikuwepo, lakini acha nieleze kama ninavyomweleza msikilizaji ambaye hakuwepo, maana tangu siku ile wewe unakumbuka sentensi moja tu. Wapimaji wa macho walikuja pale mjini, karibu na mpaka, wakafunga turubai, wakapanga mabenchi. Tulikwenda kwa sababu chuo cha ufundi cha Kampala, kilichokukubali kusomea umeme, kilitaka cheti cha macho. Walikutia matone ya kupanua mboni, tukakaa tukisubiri kati ya wazee wanaojifuta machozi kwa pindo za leso. Kisha yule bwana mwenye sauti ya amri akakuita.

"Wewe! Kaa. Kidevu hapa. Angalia taa. Usichezeshe jicho."

Akapiga picha. Akaangalia kioo cha mashine, akamwita mwenzake, wakanong'ona. Kisha akakugeukia. "Mishipa yako imejipinda sana. Kwenu kuna vipofu?"

Ukasema wapo: bibi yako, aliyekwisha kufa, na mama yako mdogo aliye hai. Na kwa kuwa wewe huwezi kuacha jambo nusu, ukaongeza: "Wote wawili wanaitwa Kabugho, kama mimi."

Yule bwana ni mtu wa milimani kama sisi. Kwetu jina hufuata zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Mimi Biira kwa sababu nilikuja wa pili, wewe Kabugho kwa sababu ulikuja wa tatu. Hakuna aliyekuchagulia. Lakini nilimwona yule bwana akiweka kalamu chini.

"Basi iko kwenye damu," alisema. "Jiandae, dada. Uone unavyoweza kuona ukiwa bado unaona." Akatoa picha ya jicho lako, karatasi yenye rangi ya chungwa, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayenipa pole.

Nami nilisema nini? Nilisema, "Asante, daktari." Hakuwa amejitambulisha kama daktari. Hakuwa amejitambulisha kabisa. Mimi niliyemfuata afisa wa wilaya hadi mlangoni mwa choo kumuuliza barabara ya Kitswamba imeishia wapi, nilisimama pale na mkoba wangu, sikuuliza swali hata moja. Ulinigeukia ukiwa na mboni pana kama za paka, ukingoja niulize. Niliona unangoja. Kosa hilo ni langu, na nimelibeba tangu Bwera.

Mambo mengine yalienda haraka. Hatujafika nyumbani, mjomba wako amekwisha kusikia. Unajua kaka yangu Baluku: ananunua kahawa ng'ambo ya mpaka, na akipandisha hasira huacha Kikonzo, akaingia Kiswahili cha huko ili aonekane ni mtu wa safari.

"Nilisema, ao sikusema?" alianza, hata hajakaa. "Mama, macho ilienda. Dada yetu, macho ilienda. Sasa huyu. Jina ikishika mutu, haiachi."

"Jina haliwezi kupinda mshipa, kaka."

"Biira, wewe iko na mudomo ya redio. Redio inasema mvua, jua inawaka." Watu walicheka. Nawe ulicheka, nilikuona. "Na unamupeleka kusoma umeme! Umeme na upofu? Siku moja atashika waya akifikiri ni kamba ya kuanikia nguo."

Hapo hakuna aliyecheka. Ndipo akaleta habari za yule mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. "Kuko mama moja kule, anaombeaka macho. Batu banaona. Atakaa kwake, atafundishwa kusuka vikapu kwa mikono tu, bila kuangalia. Giza ikikuja, itamukuta tayari."

Itamkuta tayari. Mwanangu, nimeripoti vifo, nimeripoti mafuriko, nimesoma majina ya watu niliosoma nao shule huku sauti imetulia. Sijawahi kusikia sentensi iliyonitia uchungu kama hiyo, na ilisemwa na mtu anayekupenda, akiwa ameshika kikombe chako cha chai.

Sasa sikiliza habari za wale Kabugho wawili, kwa mpangilio, kila mmoja na ugonjwa wake.

Bibi yako. Unakumbuka vidole vyake usoni mwako, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa anakutazama. Hukumbuki macho yake, ulikuwa mdogo mno. Mimi nayakumbuka. Mboni zilikuwa nyeupe, kama maji yaliyokorogewa unga wa muhogo. Zilianza na ukungu, akasema jua limekuwa na vumbi, kisha akaacha kututambua mlangoni mpaka tuseme. Huo ni ugonjwa wa mtoto wa jicho. Unaonekana kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara, huhitaji mashine. Kioo kidogo kilicho mbele ndani ya jicho huchakaa, kikapata ukungu, na daktari hukitoa akaweka kingine. Nyuma yake mishipa haina habari. Kisinga kuna hospitali ya misheni, watu wanatembea kwa miguu hadi pale na kurudi. Hatukumpeleka. Nilipotaja, Baluku alisema, "Usichokoze jina," na mama mwenyewe akasema bibi yake naye alikuwa Kabugho na naye hakuona, kwa hiyo nini cha ajabu? Akakaa barazani miaka mingi akichambua maharage kwa kuyagusa. Miaka baadaye nilitumwa kuripoti upasuaji wa macho Kitswamba. Niliona wazee walioletwa kwa kushikwa mkono wakiondoka kesho yake wakibishana nani atangulie njiani. Nilimaliza kurekodi, nikaenda nyuma ya gari, nikapiga teke gurudumu mpaka kidole kikavimba. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mama yako mdogo. Yeye ni hadithi tofauti kabisa, na watu wameifunga pamoja na ile kwa kamba ya jina. Alikuwa fundi cherehani pale Bwera. Vumbi la vitambaa lilimwasha macho, yakawa mekundu. Duka moja likamuuzia chupa ndogo ya matone. Muwasho ukaisha siku hiyohiyo, akamsifu mwenye duka kama nabii. Akanunua nyingine, na nyingine, mwaka baada ya mwaka, hakuna aliyemwandikia wala kumuuliza. Matone yale yalikuwa na steroidi. Yanatuliza muwasho kweli, lakini kwa watu wengine yakitumika muda mrefu hupandisha presha ya ndani ya jicho, na presha hiyo huua neva polepole, kuanzia pembeni, bila maumivu. Alianza kugonga mabega milangoni. Akasema ni uchovu. Alipopelekwa kwa daktari wa macho palikuwa pamebaki tundu dogo la kuona, nalo likaziba. Chupa bado anayo, anaitumia kuwekea sindano. Nimesoma maandishi yake. Nilikwenda dukani. Mwenye duka aliniambia, "Mama, mimi nauza, siwekei mtu kwenye jicho." Nilimtangaza hewani bila jina lake, kwa kuwa mkuu wangu aliogopa. Matone bado yanauzwa.

Kwa hiyo: mmoja kioo cha mbele, mwingine neva. Magonjwa mawili, mwanamke mmoja mzee na mwingine aliyeuziwa dawa na mtu asiyejali. Wala hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa ana mishipa iliyopinda. Aliyeambiwa ni wewe. Lakini siku ya soko ukisimama katikati ya Bwera ukaita "Kabugho!" watageuka wanawake wasiohesabika, na wote watakuona vizuri sana, na nusu yao watakutukana kwa kuwapotezea muda.

Nilichukua ile picha yako nikaipeleka kwa daktari wa macho, mwanamke mmoja mkavu anayeongea kama anaokoa maneno kwa ajili ya mwezi ujao. Sikumwambia jina lako. Sikumwambia habari za bibi. Niliiweka mezani nikasema, "Huyu ataona mpaka lini?"

Aliivuta karibu na taa. "Ana umri gani?"

"Kumi na tisa."

"Presha ya damu? Sukari?" Nikampa karatasi ya kliniki, maana ulipimwa kwa ajili ya chuo, na vyote vilikuwa sawa. Akaniuliza, "Wewe ni mama yake?" Nikakubali. "Kaa pale. Nikutie matone."

Akaniangalia macho yote mawili, akapiga picha, kisha akageuza mashine ili nione. Nimefanya kazi ya kusimulia mambo kwa miaka mingi, na sikuwa nimewahi kuona ndani yangu mwenyewe. Ni uwanja wa rangi ya chungwa, na upande mmoja kuna duara la manjano, mahali neva inapoingilia. Kutoka katika duara hilo mishipa inatoka juu na chini, inagawanyika, inagawanyika tena. Na yangu imepinda, mwanangu. Mishipa midogo imejiviringa kama nywele zilizofumuliwa baada ya kusukwa muda mrefu. Akaweka yako kando.

"Unaona?" alisema.

"Ni ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa. Mmezaliwa hivyo. Wewe unasoma?"

"Nasoma habari redioni kila siku."

"Basi umenijibu."

Nilimwomba anieleze tena, polepole, kama kwa mtu wa shambani, kwa kuwa safari hii nilikuwa nimekuja na maswali. Alisema hakuna macho mawili duniani yenye mishipa iliyopangwa sawa, hata ya pacha, hata la kushoto na la kulia la mtu mmoja. Wengine mishipa yao inanyooka, wengine inapinda, wengine ina kitanzi, wengine huzaliwa na mshipa mdogo wa ziada unaolisha katikati ya jicho. Akasema siku mshipa mkubwa wa mtu wa namna hiyo ukiziba, huo mdogo unaweza kumwachia kipande cha kuona, naye hakujua maisha yake yote kwamba anao. Nikamuuliza mishipa iliyopinda inaifikishaje damu. Akanitazama kama nimemkera.

"Unatoka wapi?"

"Kwa wazazi wangu ni juu, milimani. Nyuma ya Bugoye."

"Watu wa kule wanashukaje sokoni?"

"Kwa vijia."

"Vyote vimenyooka?"

Sisi sote tulishuka kwa kile kijia cha kuzunguka mwamba, na hakuna aliyewahi kukosa soko kwa sababu ya kona.

Sikufichi kitu. Alisema pia kwamba mishipa ya namna hii, mara chache, huvuja tone la damu mtu akijikaza sana au akibeba mzigo mzito. Utaona doa, na kwa kawaida hufutika lenyewe. Likitokea, nenda ukapimwe. Alisema yapo magonjwa ambayo hupinda mishipa ukubwani, presha ya damu na sukari yakiwemo, ndiyo maana aliuliza kwanza, na ndiyo maana yule bwana wa Bwera alipaswa kuuliza kabla ya kuuliza majina ya vipofu. Na akasema upime presha ya macho kila unapopata nafasi, kama ninavyopaswa kupima mimi, kama anavyopaswa kupima mtu yeyote mwenye ndugu aliyepofuka. Hayo ndiyo yote aliyosema. Hapakuwa na giza ndani yake.

Nilirudi nikakueleza. Unakumbuka ulivyonijibu? "Wewe ni mama. Ungesema chochote."

Usiku ule nilikukasirikia kuliko nilivyomkasirikia yule bwana, kuliko Baluku, kuliko mwenye duka. Mgeni wa dakika chache alikupa sentensi moja, ukaimeza bila kutafuna. Mimi nimekuletea picha, nimekuletea daktari, nimekuletea macho yangu mwenyewe, ukaniambia mimi ni mama. Halafu asubuhi nikatulia nikaona mahali ulipojifunza. Ulinitazama chini ya lile turubai ukaniona nasema "Asante, daktari." Neno lililopita mbele ya mama yako bila swali, wewe ungelisimamishaje?

Kwa hiyo uliza, mwanangu. Kazi yangu imenifundisha mambo machache, na mengi hayana faida nje ya studio, lakini hili lina faida: anayekuambia jambo kubwa juu ya mwili wako, muulize amejuaje. Muulize kwa heshima, kisha muulize tena. Mwenye jibu hakasiriki. Nami ukiniuliza sikasiriki. Nakasirika usipouliza.

Baba yako alifanya kazi ya kuondoa takataka kwenye mfereji wa maji ya umeme kule Bugoye hadi alipofariki. Alikuwa akikupeleka ukiwa mdogo, mnasimama pale maji yanapoingia kwenye bomba, na ulirudi nyumbani ukiuliza maji yanakuwaje taa. Alikujibu alivyoweza. Ulimwambia hajaeleza vizuri. Alicheka akaniambia, "Biira, huyu atatusumbua." Namtaka mtoto yule aliyetusumbua. Huyu anayebeba ndoo kwa kufumba macho simfahamu.

Umekwisha kuwa mtu mzima, na sitakufungia mlango. Kesho alfajiri Baluku atakuja na pikipiki kukupeleka mpakani, na asubuhi hiyohiyo basi la Kampala linaondoka stendi. Barua ya chuo iko ndani ya mkoba, pale ilipokuwa. Hukuitoa, niliangalia. Jina la yule mama wa Butembo nalo umelitia mfukoni. Niliangalia pia.

Nimeweka juu ya nguo zako picha mbili. Moja ni ya jicho lako, nyingine ya jicho langu. Nimekata pembe zilizoandikwa majina nikazitupa jikoni, motoni. Mjomba wako atakapofika, kabla hujapanda, mpe zote mbili. Mwambie aziangalie vizuri, awashe tochi ya simu kama anataka. Kisha mwambie: Mjomba, nionyeshe lipi ni la Kabugho. Nionyeshe lipi litapofuka, na lipi ni la Biira anayesoma habari bila kukosea tangu wewe, Mjomba, hujaota mvi. Akiweza kuonyesha, akakueleza amejuaje, panda pikipiki. Sitasema neno, sasa wala baadaye.

Na kama yeye hatataka kuziangalia, ziangalie wewe.

Mimi nitakuwa jikoni. Sitatoka kukuaga, tumekwisha kusemezana vya kutosha na sitaki Baluku anione uso. Unaijua nyumba yetu: ukitoka ukikata kushoto ni changarawe, huko ndiko anakoegesha. Ukikata kulia kuna lile daraja la mbao juu ya mtaro, ambalo hakuna mtu aliyewahi kulivuka bila kulipigisha kelele, na baada yake ni njia ya stendi. Nitasimama karibu na jiko, nami nitafumba macho, mara hiyo moja tu, nisikilize.

Kisha nitafumbua. Nina habari za kusoma saa moja.

Mama yako,
Biira